Mwongozo wa kutambua, kupima na kutunza eriokalsiti, chumvi ya kijani ya matundu ya volkano

Mtu anayekabidhiwa kichupa chenye ukoko wa kijani uliotoka kwenye matundu ya volkano mara nyingi hufanya kosa kubwa kuliko yote katika dakika ya kwanza, nalo ni kukifungua ili aone vizuri. Kwa mawe mengi jambo hilo halina madhara. Kwa eriokalsiti madhara yapo, kwa sababu madini haya hunywa maji kutoka hewani, na katika mji wa pwani kama Tanga, Mombasa au Unguja, jioni moja ya masika inatosha kugeuza fuwele kuwa matone. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya walimu wa kemia na jiolojia, watunzaji wa makabati ya mawe shuleni na vyuoni, na wakusanyaji binafsi ambao kielelezo cha namna hii kimewafikia kwa zawadi, kwa urithi au kwa kubadilishana. Mpangilio wa hatua una sababu yake: kwanza kulinda, kisha kutazama, kisha kupima, na mwisho kuhifadhi. Anayeanza na kupima huenda akabaki na jibu sahihi na kichupa kitupu.

Madini yenyewe

Eriokalsiti ni kloridi ya shaba yenye maji ndani ya fuwele zake: kwa kila atomu moja ya shaba kuna atomu mbili za klorini na molekuli mbili za maji. Jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya sufu na shaba, kwa kuwa mara nyingi hukaa juu ya mwamba kama manyoya mafupi ya kondoo yaliyotiwa rangi ya kijani inayoelekea samawati. Ilitambuliwa kwanza Vesuvius, mlima wa volkano ulio karibu na Napoli nchini Italia, na aliyeipa jina ni Arcangelo Scacchi (1810–1893), mkuu wa makumbusho ya madini ya mji huo, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kile kinachoachwa na gesi za mlima ule.

Namna inavyotokea ndiyo inayoeleza tabia zake zote, kwa hiyo inafaa kuifahamu kabla ya kugusa chochote. Magma inapoachia gesi, mvuke wa maji na dioksidi ya salfa huja pamoja na kloridi ya haidrojeni. Shaba peke yake haigeuki mvuke ila kwa joto kali mno, lakini ikishikana na klorini huwa nyepesi wa kuruka. Hupaa pamoja na gesi yenye joto la mamia ya nyuzi, na inapofika mdomoni mwa tundu, mahali gesi inapokutana na hewa baridi, hutua juu ya mawe kama masizi yanavyotua kwenye dari ya jiko la kuni.

Kinachotua mahali penye joto bado si eriokalsiti, kwa maana maji hayawezi kukaa ndani ya fuwele hizo kwenye joto kubwa. Hutua kwanza madini makavu: tolbakiti, ambayo ni kloridi ya shaba isiyo na maji na ina rangi ya hudhurungi yenye kung'aa kama dhahabu, melanothaliti, nyeusi, yenye oksijeni pamoja na klorini, na tenoriti, oksidi ya shaba inayokaa kama vigamba vyeusi vyembamba. Mwamba ukisha kupoa, tolbakiti na melanothaliti huvuta unyevu wa hewa na kugeuka kijani. Tolbakiti ilipewa jina la Tolbachik, volkano ya Kamchatka nchini Urusi iliyolipuka kati ya Julai 1975 na Desemba 1976 na kuacha matundu ambayo hata miongo kadhaa baadaye yalikuwa yakitoa gesi ya moto wa nyuzi 400 na zaidi. Kwa hiyo kijani tunachokiona kwenye kichupa mara nyingi ni hatua ya pili ya maisha ya chumvi hiyo, na kuyeyuka ni hatua ya tatu tunayojaribu kuizuia. Msomaji wa Tanzania anao mfano wa karibu wa mwamba unaobadilishwa na hewa: lava ya Ol Doinyo Lengai hutoka nyeusi, na muda mfupi baadaye huwa nyeupe, kwa kuwa chumvi zake, mojawapo ikiwa nyerereiti iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, hazivumilii unyevu.

Uadimu wa eriokalsiti hautokani na uhaba wa shaba wala wa klorini, bali na mvua. Chumvi inayoyeyuka majini haiwezi kudumu mdomoni mwa tundu lililo wazi. Husalia tu chini ya paa la mwamba, ndani ya nyufa zinazopashwa joto, au katika nchi kavu sana, kama ilivyopatikana pia kwenye migodi ya shaba ya jangwa la Chile. Vesuvius ililipuka mara ya mwisho mwaka 1944, na matundu yake ya leo hayana tena joto la kupandisha kloridi za shaba, ndiyo maana kielelezo cha kweli cha Vesuvius kwa kawaida ni cha zamani na lebo yake ina thamani sawa na chumvi yenyewe.

Kama unakwenda kwenye tundu lenyewe

Sehemu hii ni fupi kwa sababu ushauri wangu ni usiende peke yako na usikusanye bila kibali cha maandishi. Vesuvius imo ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1995, na volkano za Kamchatka zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1996. Picha nzuri yenye kipimo pembeni, pamoja na joto la tundu na tarehe, huleta elimu nyingi kuliko ukoko uliobanduliwa na kuyeyuka mfukoni.

Gesi ndiyo hatari ya kwanza. Kloridi ya haidrojeni na dioksidi ya salfa huunguza macho na koo, nawe utazihisi mapema na kuondoka. Hewa ya ukaa haina harufu na haimwonyi mtu. Watu wa Goma wana neno lake, mazuku, kwa mabonde na mashimo ambamo hewa hiyo nzito hutuama chini na kuua mifugo na watu kimya kimya, na neno hilo la Kiswahili sasa linatumiwa na wataalamu wa volkano wa mataifa mengine. Kaa upande upepo unakotokea, usiiname kwenye mashimo, na usikanyage ukoko wa rangi rangi kwa kuwa chini yake mwamba huwa umelegea.

Hatari ya pili hudumu hata kabatini. Kijani hakiji peke yake: sindano nyeupe zilizo karibu nacho huenda zikawa kotuniti, ambayo ni kloridi ya risasi, na kwenye matundu ya Tolbachik kuna madini mengi ya aseniki. Shika kila ukoko wa volkano kana kwamba una sumu hizo mbili, hata kama lebo haisemi.

Hatua ya kwanza: kiache kimefungwa, uandike

Kichupa kikifika, kiache mezani kikiwa kimefungwa kwa saa kadhaa hadi kilingane na joto la chumba. Kichupa kilichotoka mahali pa baridi kikifunguliwa kwenye hewa ya joto hutokwa jasho ndani, na jasho hilo dogo linatosha kuharibu manyoya ya kijani. Wakati unasubiri, nakili lebo neno kwa neno pamoja na makosa yake ya tahajia, piga picha pande zote mbili, na andika alikokitoa aliyekupa. Usibadilishe lebo ya zamani hata kama unaamini jina lililoandikwa si sahihi. Andika yako na uiweke pembeni. Kwa kielelezo cha Vesuvius, tarehe iliyoandikwa kwa wino uliofifia ndiyo inayoweza kuonyesha ukoko huo ulitokana na kipindi gani cha mlima, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kurudisha habari hiyo ikipotea.

Hatua ya pili: andaa chumba na vifaa

Unahitaji kipima unyevu, hata kile kidogo cha bei nafuu, na chumba ambacho unyevu wake uko chini ya asilimia 50. Pwani hali hiyo hupatikana kwa kuwasha kiyoyozi saa kadhaa kabla, milango ikiwa imefungwa. Namba ya kukumbuka ni takriban asilimia 68: kwa joto la nyuzi 25, hewa yenye unyevu unaozidi hapo huifanya eriokalsiti ijinywee maji hadi iyeyuke ndani ya maji yake yenyewe. Nilijifunza uzito wa namba hiyo huko Tanga, kwa fuwele nilizozikuza kutokana na kloridi ya maabara. Niliziacha kwenye kisahani dirishani usiku mmoja wa Aprili, zikiwa sindano zilizochongoka na kavu kabisa. Alfajiri kisahani kilikuwa na dimbwi dogo la kijani kibichi, halina hata punje moja iliyosimama. Zilikuwa za kujifunzia tu, lakini tangu siku hiyo sifungui kichupa cha asili kabla ya kusoma kipima unyevu.

Koleo liwe la plastiki au la mti, na kijiko kiwe cha kioo au plastiki. Kloridi ya shaba hula chuma na hula aluminiamu kwa ukali zaidi, kwa hiyo usifunge kielelezo kwa foili ya jikoni, na usikiweke ndani ya kopo la bati au chupa yenye kifuniko cha chuma kisichopakwa kitu. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, na usile wala kunywa kwenye meza hiyo. Kloridi ya shaba ni sumu ikimezwa, na ikiingia jichoni hujeruhi.

Hatua ya tatu: tazama kwa lenzi

Fungua, tazama kwa lenzi yenye kukuza mara kumi, piga picha, funga. Dakika tano zinatosha. Tumia mwanga wa mchana na uweke kipande cha karatasi nyeupe ndani ya picha, kwa sababu kijani kinachoelekea samawati ni rangi ambayo kamera na taa za umeme huipotosha kuliko nyingi nyingine, na utakapolinganisha picha ya leo na ya mwaka ujao utahitaji weupe ule wa karatasi kama shahidi.

Tafuta kwanza umbo. Eriokalsiti njema huonekana kama nyuzi au sindano nyembamba zilizolala pamoja, mara nyingine zikifunika mwamba mweusi kama ukungu unavyofunika mkate, mara nyingine zikiwa ukoko wa punje punje zinazopitisha mwanga kidogo. Kisha tafuta mipaka: mahali kijani kinapokutana na cheusi au hudhurungi, tazama kama cheusi kina kingo zilizogeuka kijani. Ukiona kigamba cheusi katikati na kijani kimekizunguka kama pindo la kanga, huenda unatazama melanothaliti ikiwa katika kugeuka, na sehemu hiyo usiiguse kabisa. Ndiyo yenye historia kuliko zote. Mwisho tafuta dalili za maji: uso unaong'aa kama uliopakwa mafuta, au kingo za sindano zilizoviringika, humaanisha kuyeyuka kumekwisha kuanza.

Hatua ya nne: ondoa zinazofanana nayo

Wengi huita kila kijani cha shaba kwa jina moja, na hapa ndipo makosa ya lebo hutokea. Malakiti, ile inayochongwa shanga na vinyago huko Katanga, ni kabonati ya shaba. Ni ngumu zaidi, ugumu wake ni 3.5 hadi 4 kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, hali eriokalsiti ni kama 2.5, haiyeyuki majini, na tone la asidi hafifu huifanya itoe mapovu. Mtu aliyezoea malakiti ya Katanga, yenye mistari ya kijani cheupe na cheusi, hataichanganya na eriokalsiti safi, lakini unga wa malakiti juu ya mwamba unaweza kumdanganya yeyote.

Atakamiti ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa nayo ni kloridi ya shaba ya kijani, nayo hupatikana kwenye matundu ya Vesuvius, na wauzaji huibadilishia jina bila kukusudia. Ilipewa jina la jangwa la Atacama mwanzoni mwa karne ya 19. Tofauti ni kwamba ndani yake kuna haidroksidi mahali pa maji, na tofauti hiyo ndogo ya kemia hubadilisha kila kitu: atakamiti haiyeyuki majini, kijani chake ni cha zumaridi hadi karibu cheusi bila samawati, ni nzito zaidi, na hukaa kabatini miaka mingi bila kulalamika. Jamaa zake hutokea pia kwenye shaba iliyokaa karibu na bahari, kwa hiyo sarafu za kale za shaba zinazofukuliwa kwenye udongo wa chumvi wa pwani yetu huweza kuwa na kutu ya kundi hili hili. Anayetunza sarafu na anayetunza chumvi za volkano wana adui mmoja, yaani klorini pamoja na unyevu.

Mrututu, unaouzwa dukani kwa ajili ya dawa za mimea na vidonda vya mifugo, ni salfeti ya shaba. Huyeyuka majini kama eriokalsiti, lakini fuwele zake ni za samawati safi. Usikubali kielelezo cha samawati tupu chenye jina la eriokalsiti bila kukipima.

Hatua ya tano: zoeza mkono kwa kloridi ya maabara

Kabla ya kugusa kielelezo cha asili, fanya vipimo vyote kwa kloridi ya shaba yenye maji inayopatikana kwenye stoo ya maabara ya shule, kwa kuwa kwa kemia ni kitu kilekile. Yeyusha vijiko viwili katika maji kidogo ya uvuguvugu, yawe maji yaliyokenekwa, si ya bomba, kwani maji ya bomba yana klorini na chumvi zitakazoharibu kipimo cha nne, kile cha klorini kilichoelezwa katika hatua ya sita. Usitumie kinachoitwa maji ya betri kabla ya kusoma chupa vizuri, kwa maana wapo wanaoita asidi kwa jina hilo. Mimina kwenye kisahani kipana na ukiache chumba kikavu. Baada ya siku chache sindano za kijani zitaota kutoka kingoni kuelekea katikati.

Chukua sindano mbili tatu, ziweke kwenye kipande cha kauri, na uzipashe joto taratibu juu ya moto mdogo, dirisha likiwa wazi, ukiondoa mara tu kijani kinapotoweka. Zitakuwa hudhurungi: maji yameondoka, na kilichobaki ni kile kile kinachounda tolbakiti. Usiendelee kupasha, kwani joto likizidi sana hutoka gesi ya klorini. Acha kauri ipoe, kisha iweke karibu na kikombe cha maji ya moto, mahali mvuke unapopita. Utaona kijani kikirudi, kikianzia kwenye ncha za punje na kutambaa kuelekea ndani, mpaka hudhurungi yote imezwe. Wanafunzi wakiliona hilo mara moja huelewa mdomo wa tundu la volkano kuliko kwa mchoro wowote ubaoni, nami kila mwaka hutenga somo zima kwa ajili yake.

Hatua ya sita: pima punje moja ya asili

Chukua punje moja isiyozidi ukubwa wa punje ya ulezi, kutoka mahali palipovunjika tayari, iliyo safi, isiyochanganyika na cheupe. Usafi huo ni muhimu, kwa sababu chumvi ya kawaida huwa imeenea kwenye matundu ya volkano na klorini yake inaweza kukupa jibu la uongo.

Kipimo cha maji hutangulia. Weka punje kwenye kigae cheupe na uidondoshee tone moja la maji yaliyokenekwa. Eriokalsiti huyeyuka upesi na tone huwa kijani. Ongeza tone la pili, la tatu na la nne, na kijani hufifia kuwa samawati nyepesi. Badiliko hilo la rangi lina maana: katika maji machache shaba bado imezungukwa na klorini, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo molekuli za maji zinavyochukua nafasi ya klorini. Mrututu huwa samawati tangu tone la kwanza. Malakiti na atakamiti hubaki punje zilezile ndani ya maji yasiyo na rangi, na zikibaki, kazi yako imekwisha: si eriokalsiti.

Chovya sindano ya kushonea iliyosuguliwa na kufutwa mafuta ndani ya tone hilo. Ikivikwa wekundu ndani ya dakika moja, shaba ipo. Kipimo hiki hakitofautishi kloridi na salfeti, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

Kwa kipimo cha moto, tumia kipande cha waya wa koili ya jiko la umeme, usiwe wa shaba. Uunguze kwanza mpaka moto usibadilike rangi, kisha uchovye ndani ya tone na uuweke ukingoni mwa moto wa gesi au wa taa ya spiriti. Kloridi ya shaba huwaka mara moja kwa samawati kali yenye kingo za kijani, hali salfeti hutoa kijani kwa uvivu zaidi. Sababu ya upesi huo ni ile ile iliyoileta shaba mdomoni mwa tundu: ikiwa imeshikana na klorini, hupanda na moto kwa urahisi.

Kipimo cha nne ni cha klorini. Kwenye tone jipya ongeza tone la asidi ya naitriki hafifu, kisha tone la nitreti ya fedha. Mashapo meupe mazito kama maziwa ya mgando, yanayogeuka zambarau ya kijivu yakiwekwa juani, ni kloridi ya fedha. Kama una shaka kwamba kuna salfeti ndani yake, chukua tone lingine kabisa, ulitie asidi ya haidrokloriki hafifu na kloridi ya bari. Mashapo meupe hapo yanakuambia salfeti ipo. Bari ni sumu kali, kwa hiyo kipimo hicho akifanye mwalimu mwenyewe.

Vipimo vyote vikikubali, bado usiandike jina bila kizuizi. Vesuvius ina madini mengine, mitscherlichiti, yenye potasiamu pamoja na kloridi ya shaba na maji, ya samawati inayoelekea kijani, nayo huyeyuka, huwasha moto wa shaba na kutoa mashapo ya fedha vilevile, huku rangi ya potasiamu ikifichwa na ya shaba. Kipimo kinachozitenganisha bila shaka ni cha eksirei, kinachosoma mpangilio wa atomu ndani ya fuwele, na kinahitaji unga kidogo tu. Omba idara ya jiolojia ya chuo kikuu au maabara ya serikali ya madini ikufanyie, na uwaeleze mapema kwamba sampuli hunywa maji, ili wasiiache wazi juu ya meza ikisubiri zamu.

Mabaki ya vipimo usiyamwage kwenye sinki wala shimoni, kwa kuwa shaba iliyoyeyuka huua samaki na konokono hata ikiwa kidogo. Yakusanye kwenye chupa ya plastiki, ongeza magadi kidogo kidogo hadi mapovu yaishe na mashapo ya kijani yatulie, chuja, na mashapo yahifadhiwe kwa utupaji wa taka za kemikali.

Hatua ya saba: hifadhi kati ya ukavu na unyevu

Watu wengi, wakisikia kwamba chumvi hii hunywa maji, huitumbukiza kwenye jeli ya silika iliyotoka kukaushwa na kudhani wamemaliza. Hilo nalo ni kosa. Maji ni sehemu ya fuwele yenyewe, na hewa kavu kupita kiasi huyatoa, hata nyuzi zikapauka, zikaingiwa na hudhurungi na kumeguka. Kinachotakiwa ni unyevu wa wastani usiobadilika.

Njia ninayoiamini haina umeme wala gharama kubwa. Weka fuwele za kloridi ya magnesiamu ndani ya kikombe cha plastiki, ongeza maji kidogo hadi ziwe kama uji mzito, huku fuwele nyingi zikiendelea kuonekana juu ya maji. Funika mdomo wa kikombe kwa kitambaa kinachopitisha hewa, kisha ukiweke ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko cha mpira kinachobana, pamoja na kipima unyevu na kichupa cha kielelezo ambacho kifuniko chake kimelegezwa kidogo. Uji huo hushikilia hewa ya sanduku karibu na asilimia 33, masika au kiangazi: hewa ikiwa na unyevu mwingi huunywa, ikiwa kavu mno huurudisha. Potasiamu kabonati ikitengenezwa vivyo hivyo hushikilia karibu asilimia 43, nayo inafaa pia. Kikombe kikae chini na kielelezo juu ya kiti kidogo, ili sanduku likiinamishwa uji usikifikie. Kagua mara moja kwa mwezi. Kama fuwele zote za kikombe zimeyeyuka na maji ndiyo yaliyobaki, ongeza fuwele.

Usipake vanishi wala gundi juu ya kijani. Vanishi hufungia unyevu uliokwisha kuingia, na huzuia kipimo chochote cha baadaye. Usikiweke pia karibu na vielelezo vya chuma, shaba au fedha, maana asidi kidogo inayotoka kwenye chumvi hizi huwachafua majirani.

Kama imekwisha kuyeyuka

Usifute na usimwage. Weka kichupa kilivyo ndani ya sanduku la asilimia 33, wima, kifuniko kikiwa wazi, na usubiri. Baada ya siku kadhaa au majuma, fuwele zitarudi, lakini zitakuwa sindano zilizoota kwenye kioo, na si manyoya yaliyotandwa na gesi juu ya mwamba. Kwa kemia ni chumvi ileile, lakini ushahidi wa namna ilivyotua umekwisha, na anayekuja baada yako ana haki ya kulijua hilo. Kwa hiyo lebo iseme, kwa mfano: “Eriokalsiti, kwa vipimo vya maji, moto na nitreti ya fedha, haijapimwa kwa eksirei. Vesuvius, Italia. Lebo ya awali imeambatishwa. Iliyeyuka kwa unyevu mwezi Aprili, ikaota upya ndani ya kichupa kwa unyevu wa asilimia 33. Ukoko mweusi ulio upande wa kushoto haukuyeyuka na haujaguswa.”